Malaria ya Tambarare: Mradi wa Pare–Taveta na Kilichobaki Baada Yake

Kila mwaka kijitabu hiki kinapotoka, wanachama wengi huuliza swali moja kabla ya kujaza ahadi zao: mwaka huu tunajenga nini? Ni swali la haki, na kurasa za hesabu zitalijibu. Lipo swali la pili ambalo huulizwa na wachache: tukishajenga, nani atalipia mwaka wa pili, na wa tano, na wa kumi? Kamati imenipa kurasa hizi nilizungumzie. Mimi ni mhasibu, si mwanahistoria, lakini kwetu tambarare lilipata kutokea jambo linalojibu swali hilo kuliko majedwali yangu yote, na naona vijana wetu waliozaliwa Dar es Salaam na Arusha hawajalisikia.

Jambo lenyewe ni Mradi wa Malaria wa Pare–Taveta, wa miaka ya 1950.

Wapare kwa asili ni watu wa milimani. Wazee walijenga juu, kwenye baridi na migomba, wakateremka tambarare kulima na kuchunga, kisha wakapanda tena. Sababu za kukaa juu zilikuwa nyingi, na homa ilikuwa mojawapo. Hata leo mzazi wa Mamba au Vunta hatamwacha mtoto ateremke Ndungu au Kihurio bila kumuuliza kama amebeba chandarua. Lakini watu waliongezeka, ardhi ya juu ikawa finyu, na wengi wakahamia chini moja kwa moja, kwenye maji ya mifereji, mpunga na mbu. Kwa hiyo tofauti ya afya kati ya ndugu wa milimani na ndugu wa tambarare, watu wa ukoo mmoja, ilikuwapo kabla hakujawa na zahanati hata moja ya serikali bondeni. Aliyezaliwa juu alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufikisha miaka mitano kuliko binamu yake wa chini.

Mwaka 1950 wataalamu wa malaria barani Afrika walikutana Kampala chini ya Shirika la Afya Duniani. Walibishana juu ya hoja moja nzito. Mtu mzima wa sehemu yenye malaria mwaka mzima amejijengea kinga, kwa gharama ya kuugua mara nyingi utotoni, na wenzake wengi walikufa njiani. Ukimzuilia mbu kwa miaka kadhaa, kisha ukaacha, je, hujamnyang'anya kinga hiyo na kumwacha mikono mitupu? Dk. Bagster Wilson, aliyeongoza kazi ya malaria ya Afrika Mashariki kutoka Amani kule Usambara, alikuwa miongoni mwa waliosita. Wengine waliona ni aibu kuwaacha watoto wafe kwa sababu ya wasiwasi huo. Hoja hiyo haikuweza kumalizwa kwa maneno. Palihitajika mahali pa kujaribia.

Mahali penyewe pakawa kwetu. Kuanzia mwaka 1954 mradi ulianza kupima watu wa tambarare ya Upare kwa upande wa Tanganyika na wa Taveta kwa upande wa Kenya, kwa kuwa mbu hawajui mpaka wa nchi, na ndugu zetu wengi hawakuujua pia. Watoto walitobolewa vidole kwa ajili ya damu, wakapapaswa tumbo kuangalia bandama. Tangu mwaka 1955 hadi 1959 wapuliziaji walizunguka nyumba hadi nyumba na mabomba, wakipaka kuta za ndani dawa iitwayo dieldrin. Kazi yake ni rahisi kueleza. Mbu wa malaria akishamnyonya mtu aliyelala hutua ukutani kupumzika, na ukuta wenye dawa humuua kabla hajapata nafasi ya kumwambukiza mwingine. Dieldrin ni sumu kali, na leo imepigwa marufuku karibu duniani kote kwa Mkataba wa Stockholm, lakini wakati ule ilikuwa fahari ya sayansi.

Matokeo yalikuwa makubwa. Mbu aina ya funestus, anayependa nyumba na damu ya watu, karibu atoweke. Gambiae alipungua sana, ingawa hakuisha. Nafasi ya funestus ilichukuliwa na ndugu zake wasio na hatari kama yeye, hasa rivulorum, na ndugu mwingine wa kundi hilo alipoelezwa kitaalamu na Gillies mwaka 1962 aliitwa parensis. Kwa hiyo wale wanaolalamika kwamba Upare haijulikani duniani wajue kuna mbu mwenye jina letu. Kunguni wao walifanya ukaidi: mwaka 1958 iliandikwa kwamba kunguni wa eneo la Pare walikwisha kuzoea dieldrin, na naweza kuwazia mama wa nyumba akiuliza hii ni dawa gani isiyoua hata kunguni.

Lililo muhimu kuliko yote ni kwamba vifo vya watoto wachanga na watoto wadogo vilipungua. Malaria haikutoweka, ilibaki kiasi, lakini watoto waliokuwa wazikwe hawakuzikwa.

Kisha mwaka 1959 upuliziaji ukasimama.

Haukusimama kwa sababu ulishindwa. Ulisimama kwa sababu ulikuwa jaribio, na jaribio huwa na tarehe ya mwisho. Swali lililoulizwa lilikuwa kama malaria inaweza kukatwa kabisa katika nchi kama yetu kwa dawa ya ukutani peke yake, na jibu likawa hapana. Kampeni ya dunia ya kutokomeza malaria, iliyotangazwa mwaka 1955, kwa sehemu kubwa iliiacha Afrika kusini mwa Sahara nje ya hesabu, na mwaka 1969 ikaachwa yenyewe. Huku kwetu mbu walirudi taratibu, mwaka baada ya mwaka, na vimelea vikarudi nao kwenye damu ya watu. Watafiti waliendelea kuhesabu vizazi na vifo hadi katikati ya miaka ya 1960.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko mradi wote. Malaria iliporudi, vifo vya watoto havikurudi vilivyokuwa. Hofu ya Kampala, kwamba watu wangelipia miaka ya nafuu kwa vifo vingi zaidi, haikutimia kwa namna iliyoogopwa. Maelezo yaliyotolewa na waliozichambua takwimu hizo ni kwamba katika miaka hiyo hiyo dawa za malaria, klorokwini hasa, zilikuwa zimeanza kupatikana karibu na watu. Mtoto aliugua, lakini mama alipata vidonge kabla ya jioni ya pili. Mabomba na magari na wataalamu viliondoka, na kilichoendelea kuokoa watoto ni kabati la dawa lililokuwa likijazwa tena kila lilipopungua.

Nikiusoma mradi ule kwa jicho la kazi yangu, naona kitu ninachokiona kwenye vitabu vya taasisi nyingi. Fedha za maendeleo zilikuwapo, fedha za matumizi ya kawaida hazikuwa na mwenyewe. Hakukuwa na chombo cha watu wa bondeni ambacho kingeweza kusema mwaka 1959, sawa, ninyi mmemaliza jaribio lenu, sasa tuachieni mabomba na mtufundishe. Wala si kwamba watu wetu hawakujua kudai. Miaka kumi na minne tu nyuma, mwaka 1945, maelfu ya Wapare waliteremka hadi makao ya wilaya pale Same kupinga kodi ya mbiru, kwa sababu kila mtu alitathminiwa kivyake na hakuna aliyeeleweshwa hesabu imefikiwaje. Profesa Isaria Kimambo ameandika kitabu juu ya jambo hilo, na kila mhasibu angekisoma angejifunza kitu. Watu waliokesha Same kudai maelezo ya kodi wangeweza pia kukalia kamati ya afya.

Na wazee hao walizielewa gharama za uendeshaji kuliko wengi wetu wenye shahada. Angalieni ndiva zetu. Kuchimba bwawa na kulijengea ukuta ni kazi ya msimu mmoja. Kulizibua tope, kukagua mfereji, kupanga zamu za maji, hiyo ni kazi ya kila mwaka, na ndiyo sababu palikuwa na msaragambo na faini kwa asiyefika. Ndiva isiyozibuliwa kwa misimu michache huwa shamba la magugu, hata kama aliyeijenga alikuwa fundi hodari namna gani.

Historia iliyofuata mnaijua kwa sehemu, nitapita haraka. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vijijini kuzunguka redio, wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Matibabu ya bure ya serikali yaliendelea hadi uchumi ulipobana, na kuanzia mwaka 1993 ikaja kuchangia gharama. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001, kwa utaratibu wa tele kwa tele: kile wanajamii walichochanga, serikali iliongeza kiasi hicho hicho. Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo ya vyandarua kwa wajawazito. Klorokwini yenyewe ilishindwa na vimelea ikaondolewa mwaka 2001, na baadaye ikaja dawa ya mseto. Sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023.

Katika yote hayo aliyebaki nyuma ni mtu yule yule: mwenye kaya masikini, aliye mbali na barabara, asiye na fedha taslimu mwezi mtoto anapougua. CHF iliyoboreshwa ilipanga shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Kwa sisi wa mjini ni mafuta ya gari ya siku chache. Kwa mjane wa bondeni kabla ya mavuno ni kuuza mbuzi. Kwa kiwango hicho, shilingi 1,000,000 ingelipia kaya 33 na kubakiza 10,000. Hizi ni hesabu ambazo hazipati jiwe la msingi wala utepe wa kukata, na najua ndiyo sababu hazichangamshi ukumbi wa harambee.

Kwa zahanati yetu ya tambarare, kamati inapendekeza mwaka huu tusijenge jengo jipya. Tunapendekeza fungu la uendeshaji, litakalotumika kwa mambo matatu tu: kadi za bima za kaya ambazo mkutano wa kijiji wenyewe utazitaja kuwa hazina uwezo, kununua dawa na vipimo vya haraka vya malaria kupitia utaratibu wa Jazia pale Bohari ya Dawa inapokosa, na matengenezo madogo, kuanzia nyavu za madirisha hadi betri za umeme wa jua. Fedha zitasainiwa na watu watatu, na wawili kati yao watakuwa wakazi wa bondeni waliomo kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati. Mganga mfawidhi ataleta taarifa ya dawa zilizoingia na zilizotoka kila robo mwaka, nasi tutaibandika ukutani kijijini kabla ya kuituma kwenye kundi la wanachama wa mjini.

Baadhi ya wanachama wamekwisha kuniambia kwamba hawawezi kumwonyesha mtoto wao karatasi ya dawa kama wanavyoweza kumwonyesha jengo lenye jina la ukoo. Nawaelewa. Wakishuka likizo ya Desemba waingie zahanati, waombe kufunguliwa kabati, wahesabu.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Safari hii ina safu mbili. Ya kwanza ni ya mchango wa mara moja, kama kawaida. Ya pili ni ya ahadi ya kila mwaka kwa miaka mitano, na inakubali kiasi chochote kuanzia kadi moja.