Kusoma vitabu: kishikwambi cha zamani au Kindle?

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Hivyo, pamoja na vile watu walivyojinunulia madukani, sasa vinaanza kuzeeka. Je, bado vinafaa kusomea vitabu, au mtu ajikusanyie fedha anunue kifaa maalumu?

Tofauti kubwa iko kwenye kioo. Kishikwambi kina taa nyuma ya kioo, nayo huwaka muda wote unaposoma. Ukikaa juani unajiona uso kuliko maandishi. Kindle, ambayo Amazon iliitoa mwaka 2007, na wenzake kama Kobo, hutumia wino wa kielektroniki. Ndani ya kioo mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi, na umeme huzisukuma juu au chini mpaka herufi itokee. Ikishatokea, hubaki pale bila kula umeme. Ndiyo maana chaji moja huweza kwenda wiki kadhaa, wakati kishikwambi kilichochoka hakifiki jioni. Kwa anayelipia kuchaji dukani kwa sababu nyumbani hakuna umeme, hilo si jambo dogo.

Lakini wino huo nao una kasoro. Vifaa vingi vya aina hii havina rangi, na kioo chake ni cha inchi 6 au 7. Faili ya PDF iliyopangwa kwa karatasi ya A4 ikifunguliwa humo, herufi zinakuwa kama sisimizi. Na vitini vya chuo na mitihani iliyopita, karibu vyote ni PDF! Hapo kishikwambi cha inchi 10, hata kikongwe, kinashinda. Kinashinda pia kwa hadithi za watoto zenye picha za rangi, kama zile za African Storybook zinazopatikana bure kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi au mzazi, mimi ningemshauri abaki nacho. Msomaji wa riwaya nene, hasa aliye mbali na umeme, atafute Kindle au Kobo.

Anayebaki na kishikwambi asishangae programu mpya zikikataa Android ya zamani. Inatosha programu moja nyepesi ya kufungua EPUB na PDF bila intaneti. Pakua vitabu, kisha zima data na upunguze mwanga. Betri ikivimba hadi kioo kikainuka, usikichaji tena wala usiitoboe. Kipeleke kwa fundi.

Anayenunua Kindle ya mtumba amtake muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake kabla hajalipwa. Ajue pia kwamba Kindle haifungui EPUB iliyonakiliwa kwa waya. Ni lazima ibadilishwe kwanza au ipitie huduma ya Amazon ya kutuma vitabu. Kobo huifungua moja kwa moja.