Bunduki, Tochi na Giza la Masaba

Wabukusu wa zamani hawakuhitaji taa ili kulinda boma usiku. Walihitaji mlango mwembamba. Kijiji kilizungushiwa ukuta wa udongo na handaki nje yake, wakauita lukoba, na usiku mlango ukazibwa kwa magogo. Adui akitaka kuingia lazima ainame, tena aje mmoja mmoja. Kufikia hapo umeshamjua ni nani, kwa sauti au kwa harufu, na mkuki uko karibu. Mimi huwaza kwamba huo ukuta ulifanya kazi ambayo leo tunaiachia betri: kukupa nafasi ya kujua ni nani kabla hujapiga.

Halafu bunduki ikaja. Wabukusu walizipata kutoka kwa watu wa misafara na askari watoro, na kikosi kilichotumwa kuzidai kilishambuliwa kikauawa karibu chote. Mwaka wa 1895 Charles Hobley akatoka Mumias na askari wa Kisudani, Waganda na washirika wengine, akavunja ngome ya Lumboka, kisha Chetambe, kile kilima kilicho juu ya Webuye. Ukuta uliozuia mikuki kwa miaka mingi haukuweza kitu mbele ya bunduki ya rashasha. Tangu siku hizo, huku kwetu swali la nani ana silaha usiku limekuwa swali la serikali.

Historia ndiyo niliyokuwa nasomea chuoni. Niliacha mwaka wa pili. Karo iliisha, hamu haikuisha. Lakini kilichonirudisha kwenye mambo haya si darasa. Ni mjomba wangu, mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa upande wa Endebess, ambaye ana rafali ya leseni na macho yanayoanza kuchoka. Alinipigia akasema, "Wee si unakaaga kwa intaneti siku mzima? Nitafutie taa ya kufunga kwa hii bunduki." Nikaanza kutafuta taa, nikajikuta nasoma Trans Nzoia yote.

Maana bunduki ya shambani Kitale ina ukoo wake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa 1919 uliwagawia wanajeshi wa Uingereza waliostaafu mashamba huku. Walikuja na rafali zao na taa za chemni. Wenye uwezo zaidi walikuwa na karabai, ile ya kupampu inayonguruma. Reli ilifika Kitale 1926. Mzungu akisikia kelele zizini alitoka na bunduki mkono mmoja na taa mkono mwingine, au alimpa mfanyakazi ashike taa. Fikiria hapo kidogo. Anayeshika taa ndiye anayeonekana kwanza.

Tochi ya betri ilikuwepo tayari. David Misell alipata hataza yake Marekani mwaka wa 1899, na kampuni ya Ever Ready ikaisambaza duniani. Kamusi inaiita pia kurunzi, neno zuri, ila hapa Kitale ukiomba kurunzi dukani utaulizwa umetoka Mombasa lini.

Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa bunduki. Alikuwa na rungu, upinde, mbwa na koroboi. Malakisi, Februari 1948, wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde walikabiliana na polisi. Polisi walifyatua risasi, watu 11 wakafa. Masinde mwenyewe, aliyewahi kuichezea Kenya mpira, alipelekwa kizuizini Lamu. Miaka minne baadaye Hali ya Hatari ikatangazwa, walowezi wakawa wanakula chakula cha jioni bastola ikiwa mezani. Sheria ya Bunduki, ile Sura ya 114 ambayo mjomba anaitii hadi leo, ilizaliwa katika hofu hiyo ya miaka ya hamsini.

Wazo la kuifunga taa kwenye bunduki yenyewe lilijulikana sana Mei 1980, makomando wa Uingereza walipovamia ubalozi wa Iran jijini London wakiwa na tochi juu ya bunduki zao fupi. Ndani kulikuwa na moshi, na mateka walichanganyika na watekaji. Bila mwanga wangempiga nani? Zile tochi zilikuwa kubwa na nzito, za balbu. LED ndizo zilizobadilisha kila kitu, na si kwa makomando peke yao. Nokia 1100 ilipotoka 2003 ikiwa na kitochi kichwani, sisi tukazibatiza simu za aina hiyo mulika mwizi. Jina hilo lina historia nzima ya usalama wa Kenya ndani yake.

Lakini kuna usiku ambao mwanga wenyewe ndio hatari. Kati ya 2006 na 2008, ugomvi wa mashamba ya Chepyuk ulizaa SLDF, kundi la wapiganaji wa Kisabaot katika Mlima Elgon, ule Wabukusu wanaouita Masaba. Human Rights Watch lilihesabu zaidi ya watu 600 waliouawa na kundi hilo. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha, na wanaume wa vijiji vizima wakakusanywa kambini, wengi wakiteswa, wengine hawakurudi. Mama mmoja aliyehamia mtaani kwetu kutoka upande wa Kopsiro aliniambia kwamba miaka ile hawakuwasha hata koroboi. Taa ilisema: humu kuna watu. Na tochi ikimulika dirishani, huwezi kujua ni ya nani. Mwenye tochi anakuona, wewe unaona jua tu. Watoto walijifunza kunyamaza gizani. Hilo sijawahi kulisoma kwenye maelezo ya bidhaa yoyote.

Kwa hiyo nilipomrudia mjomba, sikumpa jina la kampuni kwanza. Nilimwambia ubaya mkubwa wa taa ya bunduki: inamulika pale tu mtutu unapoelekea. Ukiitumia kutafuta, kila unachokitazama umekilenga, awe mwizi, soja wako, au mwanao aliyerudi amelewa kupitia nyuma. Basi sharti kuwe na tochi ya pili, ya mkononi, ya kutafutia. Ile ya bunduki ni ya mwisho kabisa. Na mwanga ukigonga ardhi au dari humtosha mtu kuona chumba kizima bila kumlenga yeyote.

Kisha tukaja kwenye namba. Wauzaji hupenda kutaja lumeni, yaani mwanga wote unaotoka. Kwa shamba, muhimu zaidi ni kandela, jinsi mwanga huo ulivyokusanywa ukafika mbali. Kutoka baraza ya mjomba hadi zizi ni kama mita 60. Taa ya lumeni nyingi iliyotawanyika itaangaza maua ya mkewe na kuacha zizi gizani. Ndani ya nyumba ni kinyume. Ukuta wa chokaa au mabati mapya hukurudishia mwanga machoni, ukapofuka wewe. Na Kitale ina ukungu wakati wa mvua, Julai na Agosti, mwanga mkali unageuka ukuta mweupe mbele yako. Nilimshauri achukue mwanga wa kiasi wenye kitovu kikali. Iwe imetengenezwa kustahimili msukumo wa risasi, maana tochi ya dukani iliyofungwa kwa raba hukata moto kwenye risasi ya kwanza. Swichi iwe ya kubonyeza na kuachia, isibaki inawaka yenyewe. Betri azibadilishe kabla hazijaisha.

Risasi ya rafali, nikaongeza, haisimami kwenye ukuta wa matope wala mabati. Nyuma ya zizi kuna nyumba ya wafanyakazi.

Akanyamaza sana. Akauliza bei ya taa za sola za kuweka juu ya nguzo, zile zinazowaka zenyewe mtu akipita. Amenunua nne: mbili zizini, moja langoni, moja kwenye nyumba ya wafanyakazi. Ya bunduki bado tunaitafuta.