Jumamosi ya Mvuke

Kaskazini kabisa mwa Ufini, katika eneo la Utsjoki, jua huzama mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena hadi katikati ya Januari. Hata Helsinki, mji mkuu ulio kusini, siku fupi ya Desemba hupata mwanga kwa muda usiofika saa 6. Kabla ya umeme, familia za wakulima zilivuka miezi hiyo zikikata miti msituni, zikivua samaki chini ya barafu na kulisha mifugo gizani. Mwili uliochoka hivyo ulitunzwa katika kibanda cha magogo kilichojengwa mbali kidogo na nyumba, aghalabu kando ya ziwa. Kibanda hicho ndicho sauna.

Sauna ya kale haikuwa na dohani. Kuni ziliwaka chini ya rundo la mawe kwa saa nyingi, moshi ukajaa chumba kizima na kuacha masizi kutani. Moto ulipokwisha, moshi ulitolewa kupitia mlango na tundu la ukutani, ndipo watu wakaingia. Mawe yalikuwa yamehifadhi joto la kutosha jioni nzima. Kila yalipomwagiwa kata ya maji, ulipanda mvuke laini ambao Wafini huuita löyly. Watu walijichapa taratibu mabegani na miguuni kwa vitita vya matawi ya mti wa betula, yaliyokatwa wakati wa kiangazi na kukaushwa kwa ajili ya baridi. Wakishatokwa jasho, walitoka nje kupoa, wengine wakijitupa katika theluji au kuzama ziwani, kisha wakarudi ndani.

Humo ndimo wanawake walimojifungulia, desturi iliyoendelea vijijini hadi karne ya 20. Sababu zake zilikuwa wazi: palikuwa na joto, maji ya moto na utulivu, mbali na msongamano wa nyumba. Baada ya kujifungua, mzazi alipata hapo mahali pa kujipumzisha. Waganga wa kienyeji walikuwa wakiumika wagonjwa humo humo, tiba ambayo pwani ya Afrika Mashariki nayo inaifahamu tangu zamani. Wafu walioshwa humo pia. Mbali na uganga, sauna ilikaushia kimea na kitani, na nyama ilikaushwa kwa moshi wake.

Ratiba ndiyo iliyoifanya desturi hii idumu. Jumamosi ilikuwa siku ya sauna: kazi za wiki zilikatizwa, maji yakachotwa, kuni zikapasuliwa, na kila mtu wa nyumba, tajiri kwa kijakazi, akapata zamu yake. Mtu hakuhitaji kuugua ili aruhusiwe kupumzika. Mkesha wa Krismasi ulikuwa na sauna yake kabla ya mlo wa jioni, na baada ya watu kuoga, mvuke uliachwa kwa ajili ya mizimu ya nyumba.

Watu walipohamia mijini, walihama na desturi yao. Mwaka 1906 ilifunguliwa sauna ya umma ya Rajaportti, katika mtaa wa Pispala mjini Tampere, ambayo bado inapokea wateja. Mjini Helsinki, wafanyakazi waliokaa katika vyumba visivyo na bafu walipata maji ya moto na mazungumzo katika sauna za mitaa, kama Kotiharju iliyofunguliwa 1928. Vita dhidi ya Wasovieti vilipozuka Novemba 1939, katika baridi iliyofikia nyuzi 40 chini ya sifuri, wanajeshi walijijengea sauna karibu na mstari wa mbele. Waliua chawa, wakapasha mifupa, wakalala.

Baada ya vita, jiko la umeme liliingia majumbani na sauna nyingi za umma zikafungwa. Majengo ya ghorofa yaliwekewa sauna moja ya pamoja, na kila familia ikapewa saa yake ya wiki. Leo nchi hiyo yenye watu takribani milioni 5.6 ina sauna zaidi ya milioni 3.

Wanasayansi nao wameichunguza. Utafiti ulioongozwa na Jari Laukkanen, uliochapishwa 2015, ulifuatilia wanaume 2,315 wa mashariki mwa Ufini kwa takribani miaka 20. Waliooga sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walipatwa na vifo vya ghafla vya moyo mara chache kuliko waliooga mara 1, ingawa utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba sauna pekee ndiyo iliyowakinga. Kuhusu usingizi unaofuata sauna, maelezo ni mepesi: joto la mwili hushuka mtu anapokaribia kulala, na kupoa baada ya mvuke huenda sambamba na mshuko huo.

Desemba 2020 UNESCO iliiingiza sauna ya Kifini katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Miaka 2 baadaye, bei ya umeme ilipopanda Ulaya kutokana na vita vya Ukraine, kampeni ya kubana matumizi ya nishati iliwasihi Wafini wawashe sauna zao mara moja tu kwa wiki, yaani warudie mpango ule ule wa babu zao wa Jumamosi.