Tamasha la Mekatilili, Malindi: Historia Fupi

Tamasha la Mekatilili wa Menza ni mkusanyiko wa Wagiriama unaofanyika Malindi na Magarini, kwa kawaida mwezi wa Agosti. Mwandalizi wake ni MADCA, chama cha utamaduni cha iliyokuwa Wilaya ya Malindi, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wilaya yenyewe sasa ni sehemu ya Kaunti ya Kilifi, lakini jina la chama limebaki.

Anayekumbukwa alizaliwa akaitwa Mnyazi wa Menza. Jina la Mekatilili, yaani mama yake Katilili, alilipata baada ya kujifungua. Mwaka 1913 serikali ya Kiingereza ilikuwa ikiwadai Wagiriama kodi ya nyumba, vijana wa kufanya kazi nje ya kwao, na kuhama mashamba yenye rutuba ng'ambo ya mto Sabaki. Mekatilili alipita vijijini akicheza kifudu, ngoma iliyofungamana na matanga, na watu wakamfuata. Julai mwaka huo viapo viliapwa Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama msituni: mukushekushe kwa wanawake, fisi kwa wanaume. Aliyeapa hakuthubutu tena kumtumikia mzungu.

Kisa kinachosimuliwa kuliko vyote ni cha baraza la Chakama, Agosti 1913. Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Arthur Champion, afisa wa serikali, ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Champion alinyoosha mkono, kuku akamdona. Ndivyo itakavyokuwa, akaambiwa, ukigusa wana wetu. Masimulizi yanatofautiana juu ya kilichofuata, lakini kuku hakosekani, na hapana shaka ndiye aliyekibakiza kisa hiki vinywani mwa watu kwa miaka zaidi ya 100.

Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Walitoroka mwaka uliofuata, wakarudi kwa miguu. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Vita vya Wagiriama na serikali vilivyofuata vilipokwisha, walitozwa faini ya rupia 100,000, wakadaiwa wapagazi 1,000, na kuamriwa kuhama kaskazini mwa Sabaki. Mekatilili alikamatwa tena, akaachiliwa mwaka 1919, akafariki 1924.

Kwa miongo mingi habari hizi zilikaa mahali pawili. Nyaraka za serikali zilihifadhi faini, tarehe na majina ya maafisa. Kitabu cha Cynthia Brantley cha mwaka 1981 kimetegemea kwa sehemu kubwa nyaraka hizo, pamoja na simulizi za wazee. Nyimbo nazo zilihifadhi nchi. Kwenye jalada la mkoloni Sabaki ni mpaka wa kuhamisha watu. Kwa anayeimba ni maji, mashamba na makaburi. Tamasha limesimama juu ya hifadhi hii ya pili.

Siku yenyewe wazee wa kaya na akina mama hupita mitaani Malindi kwa msafara. Wanawake huvaa hando, vazi la kiunoni lenye marinda tele, linalotikisika kwa kila hatua. Kayamba, mabua yaliyofungwa bapa na kutiwa mbegu ndani, hutingishwa kwa mikono miwili. Mmoja hutanguliza, wengine huitikia, na mtangulizi huongeza maneno kadiri wimbo unavyokwenda. Mtu aliyelelewa na shairi la Kiswahili, lenye vina na mizani 16 kwa mshororo, huenda akadhani hapa hakuna kanuni. Zipo, ila ziko kwenye mwitikio na hatua za miguu, wala hazihesabiwi kwa silabi. Malindi ni miongoni mwa miji michache ambamo mila hizi mbili zimeishi ukuta kwa ukuta, na bado hazijasomana vya kutosha.

Serikali ilichelewa kumtambua Mekatilili. Siku ya Mashujaa ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza, Oktoba 2010, Mekatilili alikuwa miongoni mwa waliotukuzwa. Bustani ya Uhuru mjini Malindi ikapewa jina lake na sanamu yake ikasimama humo. UNESCO ilikuwa imekwisha kuziingiza kaya za Wamijikenda, yaani Wagiriama na jamii ndugu zao, katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka 2009 ikaziorodhesha mila zake miongoni mwa zinazohitaji kulindwa haraka. Upo pia mkusanyiko mpana wa jamii zote tisa za Wamijikenda, Chenda Chenda, unaofanyika tarehe 9 Septemba.

Upande wa pili wa tamasha ni Bungale, Magarini, penye kaburi la Mekatilili. Mahali hapo pako kaskazini mwa Sabaki, katika nchi ile ile ambayo Wagiriama waliamriwa kuihama mwaka 1914.