Uwezo wa Kuhimili: Jiji Hujaa kwa Kipimo Gani?

Tarehe 27 Oktoba 2022 mgawo wa maji ulitangazwa Dar es Salaam. Mto Ruvu ulikuwa umepungua kiasi cha mitambo ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kushindwa kuvuta maji ya kutosha, na uzalishaji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300 hivi. Siku nne baadaye yakatoka matokeo ya Sensa: Watanzania 61,741,120, na kati yao 5,383,728 wako Dar es Salaam. Tarehe 15 Novemba Umoja wa Mataifa ukatangaza kwamba dunia imetimiza watu bilioni nane. Habari hizo tatu zilifuatana ndani ya wiki tatu, na hitimisho likaja lenyewe midomoni mwa watu: tumezidi. Katika mitaa kama ya Magomeni, ambako nyumba moja ya Kiswahili hupangishwa chumba kwa chumba na wapangaji wote hutegemea bomba la uani na choo kimoja, hitimisho hilo halikuonekana kuhitaji ushahidi. Lakini lilihitaji, na kabla ya ushahidi lilihitaji istilahi.

Wanaikolojia wana istilahi kwa ajili ya jambo hili hasa. Inataja idadi kubwa kabisa ya viumbe ambao eneo fulani linaweza kuwalisha kwa muda mrefu bila lenyewe kuharibika. Kwa Kiswahili imezoeleka kuitwa uwezo wa kubeba. Ni tafsiri ya neno kwa neno, na kwa malisho ya ng'ombe au hifadhi ya nyumbu inatosha. Kwa binadamu haitoshi. Neno kubeba linatuletea chombo ambacho ukubwa wake unajulikana tangu kilipoundwa, na mzigo ambao kazi yake ni kukaa tu. Yeyote anayesema Dar es Salaam imezidiwa uwezo wake wa kubeba amekwisha kukubali, bila kuulizwa, kwamba uwezo huo ni namba moja isiyobadilika na kwamba kinachoweza kubadilika ni idadi ya watu peke yake. Ninapendekeza tuseme uwezo wa kuhimili, na sababu zangu si za ufasaha. Ziko katika historia ya dhana yenyewe na katika yale ambayo Afrika Mashariki imeyashuhudia kwa karibu miaka mia moja.

Dhana hii ilianza baharini. Katika karne ya 19 ilihusu meli: chombo hiki kinapakia tani ngapi, na kitozwe ushuru kiasi gani. Baadaye ikahamia kwenye malisho ya mifugo ya Marekani, kisha kwa wanyamapori, na mwishowe ikafika kwa binadamu. Mojawapo ya sehemu ilikotumika mapema kwa binadamu ni hapa Afrika. Mwaka 1949 William Allan, ofisa wa kilimo wa kikoloni, alichapisha kazi kuhusu Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, akikokotoa ni watu wangapi kila aina ya udongo inaweza kuwatunza kwa kilimo chao cha wakati huo. Allan alikuwa mtafiti makini, na masharti ya hesabu yake aliyaeleza wazi: ukibadili kilimo, umebadili namba. Bahati mbaya ni kwamba namba ndiyo iliyosafiri, masharti yakabaki nyuma.

Kabla yake wakoloni wa Kenya walikuwa wameshaitumia hoja hiyo kwa ukali zaidi. Katika miaka ya 1930 waliitazama Machakos, wakaona makorongo na vilima vilivyochubuka, wakaamua kwamba Wakamba na ng'ombe wao wameizidi ardhi. Mwaka 1938 serikali ikaanza kuwanyang'anya ng'ombe ili kupunguza idadi. Wakamba waliandamana kwa miguu hadi Nairobi kupinga, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishiwa Lamu kama adhabu. Kile ambacho hesabu hiyo haikukisema ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya jirani ilikuwa imetwaliwa na walowezi. Uwezo wa ardhi ulikuwa umekatwa kwanza, ndipo watu wakaambiwa kuwa wamezidi.

Kilichofuata Machakos ni ushahidi mzito zaidi tulio nao katika ukanda huu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti uliofuatilia wilaya hiyo kuanzia 1930 hadi 1990. Katika miaka hiyo sitini watu waliongezeka zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko ulipungua, miti ikaongezeka, na mavuno kwa kila mtu yakapanda. Watu walichimba matuta, wakapanda kahawa na matunda, wakafunga ng'ombe zizini. Ukara, kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria upande wa Mwanza, kilikuwa kimefika huko mapema zaidi. Kufikia miaka ya 1960 kilikuwa na zaidi ya watu 200 katika kila kilomita ya mraba, nao walikuwa wakiishi kwa kulisha mifugo ndani, kukusanya samadi, kuotesha majani ya malisho kandokando ya ziwa na kuhesabu kila mti kuwa mali ya mtu. Ukara inafundisha pia jambo ambalo wenye matumaini mengi hulipita haraka. Wakara waliohamia bara, ambako ardhi ilikuwa tele, waliziacha mbinu hizo kwa sababu zilikuwa zinawachosha mno. Uwezo wa kisiwa chao uliongezwa kwa jasho, na jasho lina mwisho wake. Machakos nayo ilikuwa na soko la Nairobi karibu na mishahara ya ndugu waliokuwa wakifanya kazi mjini. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba watu wakiongezeka mambo hujipanga yenyewe. Ninachosema ni kwamba namba iliyokokotolewa mwaka 1938 haikuwa mali ya ardhi. Ilikuwa mali ya mpangilio wa mwaka 1938.

Turudi Dar es Salaam. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga Sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioonekana hawana kazi wakakamatwa mijini na kupelekwa vijijini. Nyuma ya operesheni hiyo kulikuwa na imani ileile, kwamba jiji limejaa. Sensa ya 1978 ilikuwa imehesabu watu 843,000 katika mkoa, na ya 1988 ikahesabu milioni 1.36. Kwa maneno mengine, Dar es Salaam "ilijaa" ikiwa na robo ya watu wa leo, au pungufu. Wengi wa waliopelekwa walirudi. Hapa maneno ya kila siku yana usahihi ambao istilahi haina. Mtu wa Magomeni anayesema "tumebanana" anaeleza msongamano, yaani watu kwa eneo. Hajasema kwamba wamezidi. Msongamano na ziada ni mambo mawili, na lugha ya kitaalamu isiyoyatenganisha inafanya kosa ambalo lugha ya mtaani haifanyi.

Magomeni Kota inaonyesha tofauti hiyo kwa macho. Nyumba za chini zilizokuwa pale zilibomolewa, na baada ya kusubiri kwa takriban miaka kumi, kaya 644 zilizokuwa zikiishi humo zilipata makazi katika maghorofa yaliyozinduliwa Machi 2022. Kaya zilezile sasa zinakalia sehemu tu ya kiwanja cha zamani, na mahali pengine pakabaki kwa matumizi mengine. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Kilichoongezeka ni saruji, mabomba ya kupandisha maji, mfumo wa majitaka na fedha za serikali. Wala si jambo dogo kwamba fedha hizo zilichelewa hivyo, na kwamba katika miaka yote hiyo familia zilikuwa zikihangaika na kodi za nyumba za watu.

Maji ya 2022 yanasomeka kwa namna hiyohiyo. Ukigawa lita milioni 466 kwa wakazi 5,383,728, kila mmoja anapata lita 87 hivi kwa siku. Ukigawa milioni 300, anapata 56. Kati ya namba hizo mbili hawakuzaliwa wala kuhamia watu wengi kiasi cha kuleta pengo hilo. Mvua ndiyo iliyochelewa, na hapakuwa na bwawa la kuhifadhi maji ya masika yaliyopita. Isitoshe, katika miaka hiyo takriban theluthi ya maji yaliyozalishwa, au zaidi, ilikuwa ikipotea njiani kwa mabomba kuvuja na maji kuchukuliwa bila kulipiwa. Visima vya Kigamboni viliingizwa kwenye mtandao mwezi Novemba vikaongeza lita milioni 70 kwa siku. Je, uwezo wa jiji wa kubeba ulikuwa upi mwezi huo? Swali lenyewe halina jibu mpaka uulize kwanza: kwa mabomba yapi, kwa bwawa lipi, na kwa mgawanyo gani kati ya Masaki ya wenye nacho na Magomeni.

Wapo watakaosema kwamba nakwepa ukweli, kwamba hata ukipanga vipi kuna mahali pa kufikia ukomo. Ni kweli, na neno kuhimili halifichi jambo hilo, maana kisichohimilika hakihimiliki. Bonde la Msimbazi, linaloitenga Magomeni na Kariakoo pale Jangwani, ni mfano usiopingika. Mvua kubwa za Desemba 2011 ziliua watu wapatao arobaini jijini, na waathirika wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Nyumba nyingine zikabomolewa miaka iliyofuata, na sasa bonde lote liko katika mradi unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, likiwemo daraja refu litakalopita juu ya mafuriko. Mto unataka nafasi yake na hakuna ustadi wa kuunyima. Hata hivyo walioishi Jangwani hawakuishi pale kwa kuwa Tanzania imekwisha ardhi. Kwa sensa ya 2022 nchi ilikuwa na wastani wa watu 70 kwa kilomita ya mraba. Waliishi pale kwa kuwa Kariakoo ndiko kwenye riziki, na nauli ya kutoka mbali ingekula riziki hiyo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linahusu kasi. Kati ya 2012 na 2022 Watanzania waliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, mwendo unaoongeza idadi mara mbili ndani ya miaka 22 hivi. Mabomba, madarasa na wodi za wazazi hazijengwi kwa mwendo huo. Msitu unaochomwa mkaa kwa ajili ya majiko ya Dar es Salaam hauoti kwa mwendo huo pia, na jiji hili hutumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi. Hapa idadi ni hoja halali, na nalikubali jambo hilo bila kusitasita. Lakini tazama linavyobadilika ukiliita kasi badala ya ziada. Ziada inauliza nani aondoke; kasi inauliza jinsi ya kuwafikia wanawake ambao wangependa kuchelewesha mimba inayofuata lakini hawana njia. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, vijijini 5.5 na mijini 3.6. Ni kusema kwamba mahali palipobanana ndipo watoto wanapozaliwa wachache. Wenye kusema kila mtoto huja na riziki yake wanasema jambo la heshima, kwamba mtoto si hasara. Hawajasema kwamba riziki huja bila mikono ya kuifikisha, na mama anayepanga uzazi ni mojawapo ya mikono hiyo.

Kwa dunia nzima neno kubeba hupotosha zaidi, kwa sababu huwafanya wote kuwa mizigo ya uzito mmoja. Mkazi mmoja wa Marekani hutoa hewa ya ukaa mara hamsini hivi kuliko Mtanzania mmoja. Ukisema dunia imebeba watu bilioni nane, umemhesabu mmiliki wa magari matatu sawa na mpangaji wa chumba kimoja Magomeni Mapipa anayepanda mwendokasi. Mwaka 1968 Paul Ehrlich, mwanabiolojia wa Marekani, alionya kwamba mamia ya mamilioni wangekufa kwa njaa katika miaka ya 1970. Njaa kwa kiwango hicho haikuja, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya mbegu mpya, mbolea na umwagiliaji. Maonyo ya aina hiyo yalituachia usemi "mlipuko wa idadi ya watu", na kwa Kiswahili usemi huo umekaa vibaya kuliko kwa Kiingereza, kwa kuwa sisi husema pia mlipuko wa kipindupindu. Wahariri wangefanya vema kuuacha.

Na kwa nini kuhimili? Mtu mwenye Kiarabu ataniambia kwamba shina lake nalo ni kubeba, lilelile lililotupa hamali. Ni kweli, ila Kiswahili kimelipeleka neno mbali na shina lake. Tunahimili machungu, tunahimili ushindani, na nyaraka za serikali zinazungumzia kuhimili mabadiliko ya tabianchi, zikimaanisha kujiandaa, kujenga na kubadili desturi. Ni uwezo unaoweza kukuzwa na unaoweza pia kupotezwa. Kidahizo chake katika kamusi ningekiandika hivi: *uwezo wa kuhimili*, idadi ya watu au viumbe ambao eneo laweza kuwatunza kwa muda mrefu bila kuharibika, kwa kiwango cha maisha, teknolojia na mgawanyo uliotajwa. Masharti hayo matatu ya mwisho yasiachwe katika toleo lolote. Mwandishi atakayetaka kusema jiji halihimili tena atalazimika kuandika: kwa Ruvu isiyo na bwawa la Kidunda, kwa mabomba yanayovujisha theluthi, kwa lita kadhaa kila mtu. Bwawa hilo limesanifiwa kuhifadhi lita bilioni 190, na likianza kujaa itabidi sentensi yake aiandike upya.