Wapenzi wa Afrosa

Kabla neno shabiki halijaenea midomoni mwa watu, na kabla wapenda kandanda hawajalifanya kana kwamba ni mali yao peke yao, mtu aliyeifuata bendi kwa moyo wake wote, akazijua nyimbo zake na majina ya wapigaji wake, na akaweza kukuambia nani alifarakana na nani na kwa sababu gani, aliitwa mpenzi; na watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, walipofungua kipindi, waliwaita waliokuwa wakiwasikia kwa jina hilo hilo: wapenzi wasikilizaji. Nalipendelea neno hilo kuliko lile lililolinyang'anya nafasi yake, maana habari ninayokusudia kuisimulia, ya bendi moja iliyozaliwa mwaka 1970 na ya watu wa Kolandoto ambao hata leo hawajaiacha, ni habari ya mapenzi hasa, wala haitaki neno lililo pungufu ya hilo.

Kolandoto ni kata ya Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma, nje kidogo ya mji, mahali inapoanzia njia ya kwenda Lalago na Mwanhuzi. Wageni huijua kwa hospitali yake, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, na kwa chuo kinachowafunza vijana uuguzi. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928 ikipita Shinyanga, na mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, akaigundua almasi ya Mwadui, si mbali na hapo. Kwa hiyo pahala hapa, ambapo mtu apitaye kwa haraka huona pamba, ng'ombe na vumbi tu, palikuwa tangu zamani na watu wa kila kabila waliokuja kutafuta tiba au kazi. Na watu wa namna hiyo, waliotoka makwao na kuacha ngoma zao nyuma, ndio waliokuwa na kiu kubwa ya muziki wa dansi.

Nilikuwa arusini Kolandoto katika msimu wa mavuno uliopita. Kijana mwendesha muziki alikuwa amewachezesha vijana wenziwe kwa saa tatu nzima nyimbo za siku hizi, na wazee walikuwa wamekaa upande wa pili wakinywa soda na kuzungumza kwa sauti ndogo, kama wageni katika sherehe iliyo yao. Mara gitaa likalia kwa mpigo ule ambao hauwezi kuwa wa wimbo mwingine, na kabla mwimbaji hajatamka neno la kwanza la Harusi, wazee wale wote walikuwa wamekwisha simama. Hapana aliyewaita. Mama mmoja aliyekuja kwa kushikwa mkono na mjukuu wake aliuacha mkono ule akaenda katikati ya uwanja, naye akacheza taratibu, mabega yakitangulia na miguu ikifuata, mpaka wimbo ulipokwisha. Yule kijana, ambaye kwa umri wake hakuwa amezaliwa mtungaji wa wimbo ule alipofariki, aliniambia kuwa asipoupiga wimbo huo arusi haijawa arusi, na wenye shughuli watamdai sehemu ya ujira wake.

Mtungaji mwenyewe ni Patrick Balisidya, Mgogo wa Mvumi katika Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1946. Ugogo ni nchi ya zeze na ilimba, yaani marimba ya mkono, na wenye masikio husema kwamba mtu aliyelelewa huko huwa anazisikia sauti nyingi kwa wakati mmoja, maana ndivyo nyimbo za Kigogo zilivyosukwa, sauti juu ya sauti, hata asiyezoea akapotea ndani yake. Hukwe Zawose, aliyeipeleka ilimba hiyo katika kumbi za Ulaya, alitoka katika watu hao hao. Balisidya hakuishika ilimba. Alishika gitaa na kinanda, akaimba, akaingia katika Dar es Salaam Jazz, bendi kongwe iliyoasisiwa mwaka 1932, na mwaka 1970 akaunda yake, ambayo aliitia mwaka wenyewe katika jina: Afro 70.

Katika zama hizo kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa kama kabila la bendi. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata. Afro 70 wakauita wa kwao Afrosa. Mtu wa Shinyanga alikuwa na sababu za ujirani kuzipenda bendi mbili kati ya hizo. Tabora ni mji wa jirani, na Western Jazz, ijapokuwa ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1959, iliundwa na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, na jina lake lilichukuliwa kutoka jimbo la magharibi ambalo Nzega ilikuwa sehemu yake. Bali Afro 70 haikuwa na udugu wowote na Usukuma. Ilikuwa bendi ya Dar es Salaam chini ya Mgogo, na mapenzi yaliyoiendea yalikuwa mapenzi ya hiari, yasiyolazimishwa na ukoo wala mji.

Msukuma hakufunzwa na bendi kuchagua upande. Alikuwa na elimu hiyo kabla ya gitaa la kwanza kushuka katika stesheni ya Shinyanga, maana jamii mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu, ambazo asili yake huhesabiwa kwa waganga wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha, zimekuwa zikishindana baada ya mavuno kwa vizazi kadhaa. Namna ya kushindana kwao ni ya ajabu na ya haki: ngoma mbili huchezwa kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, hapana waamuzi waliokaa mezani wala alama zinazoandikwa, na mshindi ni yule ambaye umati umemkimbilia. Mtazamaji hupiga kura yake kwa miguu. Akichoka na upande huu huvuka akaenda ule, na wachezaji wanaouona umati ukiwapungukia hutafuta dawa, nyoka, fisi, maigizo, vichekesho na nyimbo za kejeli ili wauvute tena. Mtu aliyekulia katika uwanja kama huo hasikilizi muziki kwa utepetevu. Anajua kuwa kusikiliza kwake ni tendo, na kwamba kuondoka kwake kuna uzito. Basi zilipokuja bendi zikiwa na ushindani wao, Tabora Jazz na Nyanyembe, Atomic na Jamhuri kule Tanga, Morogoro Jazz na Cuban Marimba, watu wa huku hawakuuona ugeni wowote.

Lakini uwanja wa Afro 70 ulikuwa redio. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri, na nyimbo zilizobahatika kuwa santuri zilipelekwa Nairobi. Nyingi zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania, zikakaa katika tepu, na mtu wa Kolandoto aliyetaka kuusikia wimbo hakuwa na hila ila kungoja upigwe. Mashine alizozisikilizia zilikuwa aghalabu za National, zilizoundwa na Matsushita pale Dar es Salaam, au za Philips kutoka Arusha, na betri zake zilipodhoofika zilianikwa juani juu ya bati, pembeni ya mihogo, zikapata nguvu ya jioni moja zaidi. Redio moja ilihudumia kaya kadhaa. Watu waliketi uani, mwenye redio akaielekeza huku na huku kutafuta mawimbi, na wimbo ulipoingia ulisikilizwa na wote kwa ukimya, kwa sababu hapana aliyejua utarudi lini.

Nimelifikiri sana jambo hili, na nimeridhika nafsini kuwa humo ndimo ilimo siri ya kudumu kwa mapenzi haya. Aliyenunua santuri ana wimbo wake, anaweza kuupiga mpaka aukinai, kisha akauweka rafuni. Yule wa uani alikuwa hana kitu, na wimbo aliousikia mara moja kwa juma ilimbidi auhifadhi kwa moyo, mstari kwa mstari, mpigo kwa mpigo, akausahihisha kwa jirani yake aliyekuwa ameshika kipande kilichompotea yeye. Watu wa uani walikuwa santuri za wenzao. Ndiyo maana hata leo, ukikaa na wazee watatu wa Kolandoto na kuwatajia Dirishani, wimbo wa Afro 70, mmoja atashika sauti, wa pili ataliza gitaa kwa mdomo, na wa tatu atawanyamazisha wote wawili kwa kuwa wamekosea pahala pa kuingia.

Na palikuwa na salamu. Kadi zilinunuliwa, zikaandikwa kwa mwandiko wa kuchunga, zikatiwa posta, zikapanda gari moshi mpaka Dar es Salaam, na baada ya majuma kadhaa mtangazaji akayasoma majina: fulani bin fulani wa Shinyanga anawasalimu hawa na hawa, naye anaomba wimbo huu. Katika kipindi cha Ugua Pole salamu zilikuwa za wagonjwa waliolazwa hospitalini. Mzee mmoja aliyefanya kazi katika hospitali ya Kolandoto miaka hiyo aliniambia kwamba saa ya kipindi hicho ilipowadia waliokuwa na nguvu walijikokota mpaka karibu na dirisha la wodi, na wasio na nguvu walitaka mlango uachwe wazi. Wengi hawakutajwa, lakini aliyetajwa, jina lake likatoka Dar es Salaam likiwa limefuatana na wimbo, wimbo ule ulikuwa wake mpaka kufa, na wenziwe wa vitanda vya jirani wakautambua kuwa ni wake. Wimbo uliokabidhiwa mtu namna hiyo hauchakai.

Mwaka 1977 Afro 70 walikwenda Lagos kuiwakilisha Tanzania katika FESTAC, tamasha kubwa la pili la sanaa za watu weusi na Waafrika, ambalo la kwanza lilifanyika Dakar mwaka 1966. Kisha, mwishoni mwa muongo ule, Balisidya akafika Uswidi, nchi iliyokuwa rafiki mkubwa wa Tanzania ya Mwalimu Nyerere, na huko akakutana na Archimedes Badkar. Hao walikuwa vijana wa Kiswidi waliopiga roki ya kimaendeleo, muziki uliojitenga na biashara na kupenda nyimbo ndefu zenye kugeuka-geuka, nao walikwisha kuvutwa na ngoma za Afrika na za mashariki. Jina lao ni la bafu la Archimedes, yule mwanachuoni wa Kiyunani aliyeijua siri ya maji akiwa anaoga. Katika mkutano huo ilitoka santuri iliyoitwa Bado Kidogo. Mtu anaweza kushangaa Mgogo na Waswidi walipatana kwa lipi. Mimi sishangai. Mtu aliyelelewa na nyimbo zilizosukwa sauti juu ya sauti, na watu waliokataa kuwa wimbo lazima ukome baada ya dakika tatu, walikuwa wakitafuta kitu kimoja kwa njia mbili.

Nyumbani mambo yalikuwa yamebadilika. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliiacha nchi na uhaba wa kila kitu, na bendi zisizo na shirika la kuzilisha, ambazo mwenye vyombo alikuwa ni mpigaji mwenyewe, ziliumia kuliko zile za vyama na mashirika ya umma. Afro 70 haikupata kuirudia hali yake ya kwanza. Balisidya aliendelea kupiga na kuimba, na alifariki Agosti 2004. Nyimbo zake zilikuwa zimekwisha tiwa katika lile fungu linaloitwa zilipendwa, jina nisiloweza kulikubali kwa dhati, maana linasema habari ya jambo lililopita, ilhali mama yule wa arusini aliyeuacha mkono wa mjukuu wake hakuwa akikumbuka kwamba aliwahi kupenda. Kanda za kaseti, zilizonakiliwa kutoka kanda nyingine hadi sauti ikawa kama ya mtu anenaye nyuma ya pazia, zilizichukua nyimbo hizo mbali zaidi, kwa madereva wa malori na kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Kahama na Geita, waliolala karibu na maduara yao na redio ikiwa kando ya kichwa.

Nilimwendea tena mzee yule wa hospitali baada ya arusi. Nilikuwa nimeipata Bado Kidogo katika simu yangu, nami nilikuwa nimekwisha ulizia: hakuwa ameisikia hata siku moja, wala hakujua kuwa Balisidya aliwahi kurekodi Ulaya. Sikumwambia ni nani. Nilimwamkia, tukaongea habari za mvua, kisha nikaiweka simu juu ya kigoda baina yetu nikaiacha ianze. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kiganja nyuma ya sikio. Vyombo vya Waswidi vilimfanya akunje uso kidogo. Kisha gitaa likaingia, naye akanyoosha mkono kumnyamazisha ng'ombe aliyekuwa akilia zizini, kana kwamba ng'ombe angemtii.

“Huyu ni Patriki,” alisema. “Alikuwa wapi hapa?”

Nikamweleza. Hakusema neno mpaka wimbo ukaisha, akaniomba niurudishe mwanzo. Na ulipoanza mara ya pili alimwita mkewe aliyekuwa jikoni, akamsogezea kiti.