Simu ni Waya

Neno simu, ambalo leo halimpi mtu taswira ila ya kifaa kinachokaa kiganjani, asili yake ni Kiajemi, na katika lugha hiyo miongoni mwa maana zake ni waya. Kwa hiyo watu wa pwani walipolipokea kwa ajili ya telegrafu, walikiita kitu kwa mwili wake. Nimelikumbuka neno hili mara nyingi katika safari zangu za Migori na Homa Bay, kwa kuwa historia ya mawasiliano katika nchi hiyo ya kusini mwa Nyanza ni historia ya waya uliokawia kufika, ukafika, ukafifia, kisha ukarudi kwa sura nyingine. Na jambo lililobaki ni kuupa makao yenye nidhamu ndani ya majumba yetu.

Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari iliiunganisha Unguja na Aden, na mwaka 1890 ikafika zamu ya Mombasa. Kisha reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ikapanda bara pamoja na nguzo zake za simu, ikapita karibu na nchi ya Wanandi, ambao waliukata waya mara kwa mara wakaufanya mapambo, hata ikawasili Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Hapo reli ikakoma. Aliyekuwa ng'ambo ya Ghuba ya Winam katika miaka hiyo ya mwanzo, ikiwa ni Kendu Bay, Homa Bay au Karungu, alitegemea chombo cha majini na miguu ya tarishi. Hata Septemba 1914, majeshi ya Wajerumani yalipovuka mpaka yakaingia Kisii, askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopelekwa kuyakabili walitoka Kisumu kwa meli, wakashuka Kendu Bay, wakamaliza safari kwa miguu. Maana ziwa ndilo lililokuwa barabara.

Baadaye, katika zama za Posta na Simu ya Afrika Mashariki, simu ya sauti ilisimama juu ya nguzo za mbao, na mwenye kutaka kuzungumza alizungusha kishikio ili amwite mpokezi wa simu, naye mpokezi akamuunganisha kwa mkono wake. Lililo la kutafakari ni kwamba shaba, madini yaliyobeba sauti hizo, ilichimbwa huko huko Migori: mgodi wa Macalder uliitoa katika miaka ya 1950 na 1960, na maporomoko ya Gogo katika Mto Kuja yakafungwa ili kuupatia mgodi umeme. Aghalabu mwanakijiji aliiona shaba ikiondoka kwao, lakini hakuiona ikirudi mlangoni pake kuwa waya wa simu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Kenya ikaunda shirika lake la posta na simu, nalo likagawanywa mwaka 1999. Katika miaka iliyofuata wezi wa shaba waliziandama nyaya za simu nchini, na simu za mkononi zikaenea kwa kasi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hata fedha zilipita hewani. Kikazaliwa kizazi kinachodhani kwamba mawasiliano hayahitaji waya kamwe. Dhana hiyo haina ukweli, kwa sababu minara nayo sharti iunganishwe na ulimwengu. Na mwaka 2009 mkonga wa chini ya bahari wa TEAMS ulipotia nanga Mombasa, na mkonga wa taifa ukatandazwa bara, waya ulikuwa umerudi, safari hii si wa shaba bali wa nyuzi za kioo zinazobeba nuru. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Migori na Homa Bay zilipata mamlaka, ofisi na kumbukumbu zao wenyewe, na kwa hiyo zikawa na haja kubwa zaidi ya waya huo.

Lakini nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Niliwahi kuketi katika ofisi moja mjini Migori nikingoja waraka ambao haukutoka mchana kutwa, na fundi alipoivuta meza nikaona sababu: nyaya za rangi moja zimesongamana kama nyavu zilizotupwa ufuoni, hazina alama, nyingine zimefungwa pamoja na za umeme, na moja imebanwa na mguu wa kabati hata ikachubuka. Fundi hakuwa na la kufanya ila kuchomoa mmoja mmoja na kuuliza nani amekatikiwa.

Dawa ya ugonjwa huo ina historia yake. Tangu mwaka 1881 Alexander Graham Bell alikuwa amepata hataza ya kuzisokota nyaya mbili mbili ili vurugu la umeme wa jirani lijifute lenyewe. Hata hivyo, kwa muda mrefu kila kampuni iliyouza mitambo ilileta na nyaya za namna yake, na kubadili mtambo kukawa ni kubomoa ukuta, mpaka mwaka 1991 vyama vya viwanda vya Marekani vilipotoa kaida moja, na mwaka 1995 ikafuata kaida ya kimataifa. Kaida hizo hazikuvumbua waya, ziliweka taratibu. Kila chumba kina soketi yake, kila soketi ina kebo yake isiyokatwa njiani, na kebo zote hukutana katika kabati moja, pasipo umbali kuzidi mita 100.

Mtazame fundi hodari akifanya kazi hiyo. Huchuna ganda la kebo, akafichua jozi nne. Huzisokotoa kidogo tu, kwani akizidisha huipoteza faida ya msokoto. Huzipanga nyaya nane kwa rangi: chungwa, kijani, buluu na kahawia, kila moja na mwenziwe mweupe mwenye mstari wa rangi hiyo. Huzikata sawasawa, akazitia katika konekta, akaibana kwa koleo, akaandika namba ile ile pande zote mbili za kebo. Namba hiyo ndiyo itakayomwongoza fundi atakayekuja miaka 10 baadaye.

Wapo wasemao kwamba ruta isiyotumia waya inatosha. Ruta yenyewe hulishwa na waya, na mawimbi yake hudhoofika yanapokutana na kuta nene za mawe. Fauka ya hayo, nchi za ziwa zina radi nyingi. Kwa hiyo kabati na mitambo yake sharti viwe na waya wa kupeleka umeme ardhini, na kati ya jengo na jengo ni bora utumike uzi wa kioo, usiopitisha umeme.

Kwa hiyo, ewe ujengaye nyumba Rongo, duka Mbita au zahanati Awendo, usingoje hadi ukuta ukauke. Laza mabomba ya plastiki kabla ya lipu, mbali na ya umeme, hata kama kebo utazinunua mwakani. Waya ulichukua zaidi ya miaka 100 kutoka ufuo wa Mombasa hadi kizingitini pako. Hatua chache zilizobaki ni zako.